Antikori ya sungura

Wenzangu wa biolojia, ndani ya selule kuna proteini ERK2: inapeleka habari mpaka kwenye kiini, selule igawanyike. Kuiona ni shida. Basi wataalamu wanapiga sungura sindano ya ile proteini. Damu yake inatoa antikori za namna nyingi, kila moja inashika pahali pake. Njo maana zinaitwa poliklonali. Zikishika nyingi pamoja, alama inaonekana muzuri. Lakini zinaweza kushika hata ERK1, maana hawa ni sawa ndugu wa tumbo moja, na sungura akikufa, wa pili hatoi antikori sawasawa. Kwa hiyo wanajaribu kwanza kwa selule zilizotolewa ERK2. Alama ikibaki, antikori inadanganya.