Mama Akienda Arabuni
Leo tuzungumze juu ya mtoto ambaye mama yake ametoka Mombasa kwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Kwa kawaida mkataba ni wa miaka 2. Wako kina mama wanaoondoka usiku, mtoto amelala, ili asilie. Ni huruma, lakini ni kosa. Mtoto mdogo akiamka asimwone mama, hudhani yeye ndiye aliyemkosea. Hasemi, hukojoa kitandani, na bibi, akidhani ni ukaidi, humchapa.

Basi mama, muage mwanao mchana. Miaka 2 haimwelei. Mwambie utarudi baada ya Ramadhani mbili. Nawe bibi, simu ikilia, mtoto na azungumze kwanza, habari za fedha baadaye.