Je, Wajua? Kadi Iliyoipa Apple II Sauti Sita

Kompyuta ya Apple II, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1977, haikuwa na chipu ya sauti. Ilikuwa na spika ndogo tu, na kila mlio ulitaka prosesa yenyewe iitikise spika hiyo, mara baada ya mara. Muziki ukipigwa, mara nyingi mchezo husimama.

Kadi ya Mockingboard iliondoa adha hiyo. Unafungua kifuniko, unaichomeka kwenye sloti, kwa kawaida ya nne, kisha unaunganisha spika mbili. Toleo C lina chipu mbili, kila moja na sauti tatu, nazo huendelea kulia zenyewe huku prosesa ikishughulikia mengine. Mchezo wa Ultima IV wa mwaka 1985 unanoga kweli kwa kadi hii. Kadi asilia ni adimu, ila wapenzi wa mashine hizo wanatengeneza nakala mpya.