Maadili ya Klabu ya Raga ya Mtaani

Raga, mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambao kanuni zake huwaruhusu wachezaji kukabana na kuangushana, huhitaji nidhamu kali, kwa kuwa ukabaji wa juu unaogusa shingo au kichwa unaweza kumjeruhi mtu vibaya. Mwaka 2009 shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ambalo sasa huitwa World Rugby, lilibainisha maadili matano, yaani uadilifu, ari, mshikamano, nidhamu na heshima, ambayo klabu za mtaani nazo hutarajiwa kuyazingatia. Heshima huanza kwa mwamuzi, ambaye kwa desturi hujadiliana na nahodha pekee, na mchezaji anayeonyeshwa kadi ya manjano katika raga ya wachezaji 15 hukaa nje dakika 10, huku wenzake wakibeba mzigo wa kosa lake. Wazazi na mashabiki nao hutakiwa kujiepusha na matusi. Mechi ikiisha, wenyeji huwakirimu wageni kwa chakula na vinywaji, desturi iitwayo kipindi cha tatu, ambayo huwakumbusha wote kwamba ushindani hukoma kipenga cha mwisho kinapolia.