Mvua na vilima vya Kamatanda: kweli au uongo?

Kati ya Novemba na Machi, anayengoja siku kavu ndipo apande vilima vya Kamatanda, karibu na Likasi, atangoja sana. Vilima vyenyewe havitishi. Likasi iko meta 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ipo ya kutosha, na saa moja ya kutembea haimshindi mtu mwenye afya. Kwa kuwa haviogopwi, kila mtu ana lake la kusema juu yake.

"Vilima vyenye upara vimemalizwa na wachoma makala." Mara nyingi ni uongo. Makala yamekula miombo mingi ya Katanga, hilo halina ubishi. Lakini pale penye shaba nyingi udongoni, miti mingi haioti tangu zamani, kwa sababu madini hayo huiua mizizi. Hubaki majani na mimea michache iliyozoea sumu hiyo, kama Haumaniastrum katangense, ambayo watafuta madini waliifuata kama alama ya shaba. Mpandaji asisahau hili: kwenye kilima cha namna hiyo, kitu kirefu kuliko vyote ni yeye.

"Nguo nyekundu na simu huvuta radi." Uongo, ingawa hata wasomi huvua shati. Radi haichagui rangi. Hupenda kilicho kirefu na kilicho peke yake. Kwa hiyo mti mkubwa unaokukinga mvua ndio mahali pabaya kabisa pa kusimama. Umeme huruka kutoka shinani, kisha husambaa ardhini. Oktoba 1998, magazeti ya Kinshasa yaliripoti kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja huko Kasai na kuwaacha wapinzani wao wazima. Watu walisema ni uchawi. Lakini umeme unaotembea ardhini unaweza kumwangusha huyu na kumwacha yule aliye hatua chache tu.

"Mvua huja mchana, asubuhi ni salama." Karibu kweli. Jua hupasha ardhi joto, mawingu hupanda, alasiri yanapasuka. Toka mapema, ila usilifanye sheria.

"Kupanda ndiyo kazi, kushuka ni mteremko." Uongo mtupu! Udongo mwekundu ukilowa huwa sabuni, na wengi huteleza wakirudi, magoti yamechoka na mawazo yako nyumbani. Piga hatua fupi, kanyaga majani ya kando kuliko njia iliyong'arishwa na miguu ya watu.

Hayo majani ya kando nayo yana masharti, maana hapa ni nchi ya wachimbaji. Wapo wanaosema shimo lililoachwa linaonekana tu. Uongo, na ndio unaoniudhi kuliko mingine yote. Majani ya masika hufunika mdomo wa shimo, maji hulainisha kingo, na kingo zikibomoka humeza aliyesimama juu yake. Sheria ya madini ya Kongo inamruhusu mchimbaji mdogo kushuka hadi meta 30. Huo ni urefu wa nyumba ya ghorofa kumi. Ukiona lundo la udongo uliofukuliwa, zunguka mbali, na watoto washikwe mikono.

Ukisikia ngurumo, shuka. Toka mwanga hadi sauti, kila sekunde tatu ni kilometa moja. Ngurumo ya mwisho ikipita, ngoja nusu saa kabla ya kupanda tena.