Nani Achunguze Meli Inapozama?

Mtu aliyepata kuvuka Likoni kwa feri amekwisha kuona jinsi magari yanavyoingia upande mmoja wa chombo na kutokea upande wa pili. Meli iitwayo Herald of Free Enterprise ilikuwa ya namna hiyo, ila ilikuwa kubwa zaidi, nayo ilisafiri baharini hasa. Kwa hiyo ilipasa milango yake ya omo ifungwe kabisa kabla ya kuondoka. Jioni ya tarehe 6 Machi, 1987, bahari ikiwa shwari, meli hiyo iliondoka Zeebrugge, bandari ya Ubelgiji, kwenda Dover katika Uingereza, ikichukua abiria na mabaharia zaidi ya 500. Milango ilikuwa wazi. Meli ilipoongeza mwendo, maji yakaingia katika sitaha ya magari, na kwa muda wa dakika mbili hivi ikalala ubavu. Watu 193 wakafa karibu na bandari, mahali ambapo maji hayakuwa na kina cha kuifunika meli yote.

Jaji Sheen aliwekwa kuchunguza msiba huo. Ilionekana ya kuwa baharia aliyepewa kazi ya kufunga milango alikuwa amelala chumbani mwake. Serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, aliiona milango i wazi, lakini hakuihesabu kazi hiyo kuwa yake. Nahodha, kutoka kwenye usukani, hakuweza kuiona. Na kwa desturi ya meli zile, asipoletewa habari mbaya alidhani ya kuwa mambo yote ni sawa.

Lau uchunguzi ungalikoma hapo, watu hao wangalilaumiwa na neno likaisha. Lakini Jaji alipanda juu zaidi. Alikuta ya kuwa mwaka 1983 meli nyingine ya kampuni hiyo hiyo ilitoka bandarini milango i wazi kwa sababu ile ile, baharia kashikwa na usingizi. Tena manahodha walikuwa wamekwisha kuomba wawekewe taa kwenye usukani za kuwaonyesha kama milango imefungwa, na wakubwa wa kampuni waliokaa nchi kavu wakawajibu kwa mzaha. Uzembe, alisema Jaji, ulikuwa umeenea katika kampuni tangu juu hata chini. Taa zile zililazimishwa kwa sheria baada ya msiba.

Hapo ndipo lilipotokea swali la nani apewe kazi hii siku zote, kwa maana si kila ajali hupata jaji. Zamani ajali za meli za Waingereza zilichunguzwa na maofisa wa Wizara ya Uchukuzi. Lakini Wizara hiyo hiyo ndiyo iliyotunga kanuni za meli, ikazikagua, ikazipa vyeti vya kusafiria, na kuwashtaki waliokosa. Je, ikiwa kosa limo katika kanuni yenyewe, au katika cheti kilichotolewa bila kukagua vema? Mwamba ngoma huvuta ngozi kwake. Hata katika chama cha ushirika, mtunza fedha hapewi daftari lake mwenyewe alikague.

Basi mwaka 1989 ikaanzishwa idara ya peke yake ya kuchunguza ajali za baharini, iitwayo kwa ufupi MAIB. Mkuu wake hupeleka habari kwa Waziri mwenyewe, wala si kwa maofisa wanaokagua meli. Wachunguzi wake ni watu waliofanya kazi ya unahodha, uinjinia na uundaji wa meli. Wana amri ya kupanda melini, kuchukua hati na kuhoji watu. Hawatafuti wa kumlaumu, bali sababu. Jambo hili huwachukiza wengi, wakidhani ya kuwa wenye hatia wanaachiliwa. Sivyo, polisi na korti wana njia yao. Lakini baharia akijua ya kuwa maneno yake yatamfunga, atanyamaza, na kilichoizamisha meli hakitajulikana.

Idara hiyo ilijaribiwa mapema. Tarehe 20 Agosti, 1989, mashua ya starehe, Marchioness, iligongwa na meli Bowbelle katika mto Thames, London, wakafa watu 51. MAIB ilichunguza, lakini wafiwa hawakuridhika. Wakashikilia kudai uchunguzi mbele ya watu wote, nao ukafanywa mwaka 2000. Yaonekana basi ya kuwa kujitenga kwenye maandishi hakutoshi. Sharti wafiwa nao wauone.

Tangu tarehe 1 Januari, 2010, kanuni za mataifa zimeagiza ya kuwa meli ikipotea au mtu akifa kwa ajali ya meli, ufanywe uchunguzi ulio mbali na ule wa kutafuta mwenye hatia, na wachunguzi wasiingiliwe. Lakini kanuni hizo zahusu hasa meli zisafirizo baina ya nchi na nchi. Feri iliyopinduka Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili, 1994, ikaua watu 272, haikuwa ya namna hiyo, wala Bukoba iliyozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei, 1996, ikitoka mji mmoja wa Tanganyika ya zamani kwenda mwingine. Kwa vyombo vya namna hiyo, kila Serikali huamua yenyewe ni nani atakayetumwa kuuliza, na kama majibu yatatangazwa.