Hagar, Malmal na Pua ya Mnunuzi

Mjini Isiolo, mnunuzi wa utomvu hufanya kazi kwa pua. Gunia likifunguliwa, hutoa bonge moja, hulivunja, hunusa, hulitazama juani, kisha hutaja bei. Mzigo wenyewe umetoka mbali: Merti, Garba Tulla, hata Wajir na Marsabit, na waliouokota ni hasa wanawake na wachungaji. Huku kwetu miti haichanjwi sana kama Somalia. Utomvu hujitokea wenyewe kwenye gome, hukauka, ukabanduliwa kwa mkono. Gunia moja laweza kuwa na hagar, malmal (manemane, kwa wengine) na ubani, pamoja na mchanga usio na mwenyewe.

Hagar hutoka kwenye mti uitwao Commiphora holtziana, na wafugaji wa ukanda huu wameitumia tangu zamani kuwakinga mifugo na kupe. Wakemia walitaka kujua kinachofanya kazi humo. Mwaka 1982 Asafu Maradufu, mkemia wa Kenya, alichapisha uchunguzi wa manemane na wa Commiphora erythraea, ndugu wa karibu wa mti wa hagar. Alieleza furanoseskwiterpini za tomvu hizo: molekuli za kaboni 15 zenye pete ndogo iliyobeba oksijeni. Mwaka 1989, yeye na Wamarekani wawili, Carroll na Warthen, walionyesha kwamba dondoo la erythraea hufukuza kupe na kuwaua. Hagar yenyewe ilipata zamu yake 2008, pale watafiti wa Rothamsted, Uingereza, na wenzao walipoona inawafukuza kupe wa ng'ombe na kuathiri utitiri wa kuku.

Mfugaji asikimbilie kuacha josho, hata hivyo. Kupe wa maabara si wale wa jenasi ya Hyalomma wanaomng'ang'ania ngamia wa Isiolo, na kitu chenye harufu kali hupeperuka upesi kwenye jua la kule.

Wakemia wa vyuo vikuu vya kwetu hawakukaa kando. Mwaka 2003 Lawrence Manguro wa Chuo Kikuu cha Maseno, akishirikiana na Ivar Ugi wa Munich, yule ambaye mmenyuko mashuhuri wa kemia unaitwa kwa jina lake, alitoa taarifa za triterpini kutoka Commiphora mbili. Ni kazi safi. Lakini kwa mtu wa Isiolo, naona iliyo na faida zaidi ilitoka Addis Ababa mwaka mmoja kabla. Dekebo, Dagne na wenzao walilinganisha tomvu ambazo huchanganywa na manemane halisi, hagar ikiwemo, wakaonyesha kila moja ina furanoseskwiterpini zipi.

Njia moja ya kulinganisha hivyo ni rahisi ajabu. Unayeyusha chembe ya utomvu, unadondosha tone kwenye kibao kilichopakwa silika, unakisimamisha ndani ya chupa yenye kiyeyusho kidogo chini. Kiyeyusho hupanda taratibu kikiburuta molekuli, kila aina kwa mwendo wake. Kisha unapulizia vanilini iliyochanganywa na asidi ya salfa, unapasha moto, na madoa ya zambarau na waridi yanajitokeza ngazi kwa ngazi. Weka sampuli ya malmal ya uhakika pembeni na gunia lililochanganywa litajulikana.

Vibao, chupa, viyeyusho na jiko la umeme vinaenea juu ya meza moja ya ghala. Anayeuza angeweza kuja na kibao chake kabla mnunuzi hajainua bonge la kwanza.