Kwa nini wakongwe wa PES wanasema gemu ya mpira 'imeharibika'? Ubishi wa mabanda ya gemu, kutoka Tabora hadi Ujiji

Katika mabanda ya gemu ya Tabora mjini, kama ilivyo Urambo, Kaliua na Kigoma Ujiji, kuna ubishi unaokaribia ule wa Simba na Yanga: PES bora ya mwisho ni ipi? Mmoja atakuambia PES 6 ya mwaka 2006. Mwingine atasema PES 2013. Wengine hawabanduki kwenye PES 2017. Ni nadra kumsikia mkongwe akiitaja eFootball, gemu ambayo kampuni ya Konami ya Japani iliitoa mwaka 2021 ili ichukue nafasi ya PES.

Kwa asiyecheza, haya ni maneno ya barazani tu. Lakini nyuma ya ubishi huo kuna malalamiko mawili mazito dhidi ya watengenezaji: kwamba wameacha kubuni, na kwamba wanaziacha kasoro bila kuzirekebisha. Kwa mwenye banda lenye televisheni tatu na wateja wanaolipa kwa mechi, malalamiko hayo yanagusa riziki.

Makala hii inaeleza malalamiko hayo yametoka wapi, yana ukweli kiasi gani, na kwa nini sauti ya mchezaji wa Tabora haisikiki sana kule gemu inakotengenezwa.

PES iliingiaje kwetu?

Konami ilianza Osaka mwaka 1969 kama biashara ya kukodisha na kutengeneza mashine za kupigia muziki. Wachezaji wengi wa Afrika Mashariki walizijua kwanza gemu zake za mpira kwa jina la Winning Eleven. Jina la Pro Evolution Soccer, yaani PES, lilianza mwaka 2001. Mshindani wake mkubwa, FIFA ya kampuni ya Kimarekani ya Electronic Arts (EA), alikuwa sokoni tangu mwaka 1993.

FIFA ilikuwa na leseni za ligi na klabu nyingi. PES haikuwa nazo, hivyo katika matoleo mengi Liverpool ilijulikana kama Merseyside Red na Chelsea ikaitwa London FC. Waliocheza Master League wanawakumbuka Castolo na Minanda, wachezaji wa kubuni ambao hawakuwahi kukanyaga uwanja wowote duniani.

Wachezaji walivumilia majina hayo kwa sababu mpira wenyewe ulikuwa mtamu. Pasi ilihitaji kupimwa, mpira ulikuwa na uzito wake, na mabeki walikaba kwa akili. Ndiyo maana PES ilitawala mabanda mengi enzi za PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya 150,000,000 duniani.

Sababu nyingine ilikuwa urahisi. Diski moja, mashine moja, pedi mbili na televisheni vilitosha kufungua biashara. Intaneti haikuhitajika. Umeme ukiwepo, mechi inachezwa. Anayefungwa anaachia pedi, anayefuata anakaa.

Lalamiko la kwanza: kila mwaka kilekile

Kwa miaka mingi PES na FIFA zilitoka mara moja kwa mwaka, kwa kawaida kati ya Septemba na Novemba. Muda huo ni mfupi. Timu ya watengenezaji inapaswa kusajili wachezaji wapya, kubadili jezi, kutengeneza nyuso na kupima mchezo mzima ndani ya miezi michache. Mara nyingi jambo rahisi ni kuuchukua mchezo wa mwaka jana, kubadili orodha ya wachezaji na kuurudisha dukani.

Hiyo si tuhuma ya mtaani pekee, kwani kampuni zenyewe zimewahi kuliweka wazi. Mwaka 2020 Konami iliuza PES 2021 kama nyongeza ya msimu tu: mchezo wa PES 2020 wenye vikosi vipya, kwa bei iliyopunguzwa, huku ikisema nguvu zake imezielekeza kwenye gemu ya kizazi kijacho. EA nayo, kwa mashine ya Nintendo Switch, iliuza matoleo kadhaa ya FIFA ambayo mchezo wake haukubadilika, ila majina na jezi.

Zipo pia nyakati ambapo jipya lilikuja na kuondoa kilichokuwepo. PES 2014 ilijengwa kwa injini mpya, yaani programu ya msingi inayoendesha picha na mwendo wa wachezaji. Katika kuhama huko, hata mvua uwanjani ilipotea. Mchezaji aliyezoea kuteleza kwenye majani yaliyolowa aliuona ubunifu unarudi nyuma.

Lalamiko la pili: kasoro zinazoachwa

Siku ambayo wakongwe huitaja zaidi ni Septemba 30, 2021. Siku hiyo Konami ilitoa eFootball 2022, gemu ya bure iliyohamia kwenye injini nyingine na kuachana na utaratibu wa kutoa toleo jipya kila mwaka. Ilikuja na timu 9 tu za kuchezea mechi za kawaida. Nyuso za nyota wakubwa zilitoka zimepinda, wachezaji walipitana miilini kama mizimu, na mpira ulikwenda usikoelekezwa.

Ndani ya saa chache gemu hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizopewa alama mbaya zaidi na wachezaji katika duka la mtandaoni la Steam. Konami iliomba radhi na kuahidi marekebisho. Marekebisho makubwa yalisogezwa mbele kutoka Novemba 2021, na yakatoka Aprili 2022. Waliokuwa wamelipia kifurushi maalumu mapema walirudishiwa fedha zao.

Kwa nini kasoro hukaa muda mrefu? Kwanza, gemu ya mpira ni mamia ya maelfu ya mistari ya maelekezo ya kompyuta, mingine ikirithiwa kutoka toleo hadi toleo. Ukirekebisha kipa, huenda ukaharibu kona. Pili, watengenezaji hawatoshi kushughulikia kila kitu kwa wakati mmoja, hivyo uongozi huchagua kipi kianze. Hapo ndipo wakongwe wanapolalamika zaidi: wanasema hitilafu ya dukani hurekebishwa upesi, lakini ya uwanjani husubiri.

Ni vyema pia kutenganisha kasoro iliyothibitishwa na dhana. Wachezaji wengi huamini kwamba gemu "inambeba" mpinzani, yaani inapunguza nguvu za timu yako kwa makusudi ili mechi iwe ngumu. Mwaka 2020 wachezaji watatu waliishitaki EA huko California kwa madai ya aina hiyo. EA ilikanusha, na mwaka uliofuata walalamikaji wakaiondoa kesi. Kufungwa dakika ya 90 kunauma, lakini peke yake si ushahidi.

Fedha zimehama

Ili kuelewa malalamiko yote mawili, fuata fedha. Zamani kampuni ilipata pesa mara moja, siku uliponunua diski. Ilibidi gemu ya mwaka huu iwe nzuri ili mwakani ununue tena.

Mwaka 2009 EA ilileta Ultimate Team, ambapo mchezaji hujenga kikosi kwa kufungua pakiti za kadi asizojua ndani yake mna nani. Pakiti hizo zinaweza kununuliwa kwa fedha halisi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, mfumo huo uliiingizia EA takriban dola bilioni 1.62, zaidi ya robo ya mapato yake yote. Ubelgiji iliziona pakiti hizo kuwa aina ya kamari, na EA ikaacha kuuza huko sarafu za kuzinunulia mwaka 2019.

eFootball inafuata njia inayofanana: gemu ni bure, fedha zinatokana na sarafu za kusajilia wachezaji. Kwa mpango huo, mtu muhimu kwa kampuni ni yule anayerudi kila wiki kununua. Mtu anayetaka tu mechi tamu kati yake na rafiki yake kwenye kochi moja haingizi kitu.

Tabora ilipokuwa na sauti sokoni

Mji huu unaijua biashara ya bidhaa za mbali. Katika karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo hadi Unyanyembe, hapa Tabora, iliyoitwa pia Kazeh, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Ilibeba kaniki, nguo nyeupe ya merikani iliyofumwa Marekani, na shanga kutoka Ulaya.

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh Novemba 1857, aliandika kwamba kulikuwa na aina za shanga zipatazo 400, na kwamba kila sehemu ilikuwa na chaguo lake. Mfanyabiashara aliyebeba rangi iliyopitwa na wakati alikwama njiani; hakuna aliyempa chakula kwa shanga zisizotakiwa. Kwa hiyo mnunuzi wa bara, ingawa alikuwa mbali na viwanda, aliweza kumlazimisha muuzaji abadilike. Alikataa, na mzigo ukamdodea mwenyewe.

Mchezaji wa leo hana nguvu hiyo, na sehemu ya sababu iko upande wetu. Diski nyingi zilizochezwa mabandani enzi za PS2 zilikuwa nakala zilizorudufiwa mitaani. Fedha za wateja zilimfikia mwenye banda na muuza nakala, lakini hazikufika Konami. Katika hesabu za kampuni, maelfu ya vijana waliokesha na PES kando ya Reli ya Kati hawakuwahi kuwepo. Wanapolalamika leo, wanalalamika kwa muuzaji asiyewajua.

Upande wa pili una hoja gani?

Vijana wanaocheza eFootball kwenye simu wanawaona wakongwe kama wazee wanaosifia enzi zao. Wana hoja. Gemu hiyo haina kiingilio, simu iko mfukoni, na mpinzani anaweza kuwa Mombasa au Jakarta. Imepakuliwa mamia ya mamilioni ya mara, na haiko tena kama ilivyokuwa ile Septemba ya 2021. Mwaka 2024 FIFA yenyewe, baada ya kuachana na EA, ilishirikiana na Konami kuandaa Kombe la Dunia la gemu kwa kutumia eFootball.

Tena gemu za zamani hazikuwa malaika. PES 2008 kwenye PlayStation 3 ilikwamakwama hadi ikachosha. Katika PES 6, Adriano wa Inter Milan alikuwa na shuti lililofanya kipa aonekane pambo.

Lakini wakongwe wana jibu: kasoro ya diski haibadiliki. Ukishajua Adriano anaharibu mechi, banda linaweka sheria, Inter haichaguliwi, mambo yanaendelea. Gemu ya mtandaoni hubadilika kwa amri ya mbali. Leo pasi ndefu inafanya kazi, kesho marekebisho yameiua. Na kila badiliko linadai bando: gigabaiti kadhaa kwa simu, makumi ya gigabaiti kwa mashine kubwa.

Mashabiki wanajirekebishia

Kwa kuwa hawasikilizwi, mashabiki wamejifanya mafundi. PES 2013 na PES 2017 za kompyuta bado zinachezwa kwa vikosi vya msimu huu kwa sababu watu wanaojitolea hutengeneza faili za jezi, nyuso na usajili mpya. Kwenye simu, programu ya PPSSPP, iliyotoka mwaka 2012, huiwezesha Android kuendesha gemu za mashine ndogo ya PSP. Gemu nyingi zinazosambazwa hapo kwa majina ya misimu mipya zina msingi wa PES ya miaka ya mwanzo ya 2010, iliyovalishwa jezi mpya. Kwa njia hiyo Simba na Yanga, ambazo hazikuwemo kwenye diski za PES za zamani, zikapata kuchezwa.

Kuna tahadhari mbili. PPSSPP ni halali na ya bure, lakini kusambaza nakala ya gemu bila ruhusa kunagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda pia programu za kompyuta. Pili, faili kutoka vyanzo visivyojulikana zinaweza kubeba programu za kuiba taarifa, jambo la hatari kwa simu yenye akaunti ya pesa.

Je, gemu uliyonunua ni yako?

Swali hili sasa limevuka mabanda. Mwaka 2024 kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft ilizima seva za gemu ya The Crew, na waliokuwa wameinunua hawakuweza tena kuicheza. Tukio hilo lilizaa kampeni ya Stop Killing Games, inayotaka kampuni ziache gemu zikiwa zinachezeka hata baada ya huduma kufungwa. Ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini 1,000,000 Julai 2025.

Kwa mwenye banda au mzazi anayetaka kununua, maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ni haya: gemu inachezeka bila intaneti? Watu wawili wanaweza kucheza kwenye mashine moja? Kuna ununuzi wa sarafu ndani yake, na unaweza kufungwa kwa namba ya siri? Kama mashine ina gemu inayopendwa na inafanya kazi vizuri, zima usasishaji wa moja kwa moja, usome kwanza wengine wanasemaje kuhusu toleo jipya.

Wakongwe wa PES huenda wasirudishiwe gemu yao. Lakini diski ya PES 6 iliyotunzwa vizuri bado inawaka leo, karibu miaka 20 baadaye, bila bando. Hakuna anayeweza kusema hivyo kuhusu kikosi kilichonunuliwa kwa sarafu siku seva itakapozimwa.